Mtoto wa wiki saba anywe maziwa ya kopo kiasi gani? Kopo linasema lake, bibi yake anasema lake

#1 MamaMdogo wa Uyole (mleta uzi)

Habari za jioni, wadau. Ninalea mtoto wa kiume wa marehemu dada yangu, ambaye leo ametimiza wiki saba. Alizaliwa na kilo 3.1, na leo kliniki mizani imesoma kilo 4.3. Anatumia maziwa ya kopo tangu siku ya nne, kwa sababu ambayo naamini mmekwisha kuielewa.

Ninampa mililita 90 kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, yaani mara nane. Jedwali la kwenye kopo linasema mtoto wa umri wake apewe mililita 120 mara sita. Mama yangu, aliyelea watoto saba kule Rungwe, anasema mtoto huyu ana njaa, kwa sababu kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi karibu saa tatu usiku analia, anakunja miguu na kutafuta chuchu, na akipewa chupa anavuta kidogo, anaiachia, kisha analia tena. Jirani yangu naye anasema ninamshindilia, na kwamba ndiyo sababu ya kucheua kwake. Wote wawili wananipenda na wote wawili wamelea, lakini mmoja tu ndiye anayeweza kuwa sahihi. Naomba mnieleze mnavyopima kiasi cha mtoto, na si kuniambia tu kwamba wa kwenu alikunywa ngapi.

#2 BabaPacha Mafinga

Kamwene. Pole sana kwa msiba, na hongera kwa kulipokea jukumu.

Sisi tulifundishwa kupima kwa uzito, wala si kwa umri. Uzito wa mtoto kwa kilo unazidishwa kwa mililita 150, na unachopata ni maziwa ya siku nzima. Wa kwako ana kilo 4.3, kwa hiyo ni mililita 645. Ukigawa kwa nane unapata kama 80 kwa kila mlo. Kwa hesabu hiyo umekwisha kuzidisha kidogo, na jirani yako ana hoja.

#3 Binti Tukuyu

Sikubaliani na bandiko namba 2. Jedwali la kopo halikuandikwa na mtu aliyekaa barazani. Limeandikwa kwa ajili ya maziwa yale yale yaliyomo ndani. Mwanangu alikuwa anakunywa 120 akiwa na wiki sita na alilala saa nne mfululizo. Mtoto anayetafuta chuchu ana njaa, hata kama hesabu inasema ameshiba. Mpe 120 jioni uone.

#4 Mkunga Mstaafu, Iringa

Nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki ya watoto kwa miaka mingi, na swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko lolote lingine, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa urefu.

Mililita 150 kwa kila kilo ni kipimo cha kuanzia, si mpaka. Watoto wengi waliozaliwa kwa wakati na wenye afya hutumia kati ya 150 na 200 kwa kilo kwa siku katika miezi ya mwanzo, na mtoto yule yule anaweza kunywa kidogo leo na kingi kesho. Vilevile kipimo hicho si cha tangu siku ya kwanza. Siku ya kuzaliwa huanza na kama mililita 60 kwa kilo, kisha huongezwa 20 kila siku hadi kufikia 150 mnamo siku ya tano au ya sita, kwa kuwa tumbo la mtoto mchanga ni dogo mno na linapanuka pole pole. Nimewaona akina mama waliomnywesha mtoto wa siku moja mililita 60 kwa mlo mmoja, kisha wakashangaa kwa nini yote yamerudi. Njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, wana hesabu yao, tena hupangiwa wodini chini ya uangalizi. Asiwepo mtu wa kumpangia njiti kwa maelezo ya uzi huu.

Mleta uzi, mtoto wako alizaliwa na 3.1 na sasa ana 4.3. Ameongeza kilo 1.2 kwa siku 49, na kumbuka kwamba siku za kwanza watoto hupungua, wengine hadi asilimia 7 au zaidi kidogo ya uzito wa kuzaliwa, kisha huurudia mnamo wiki ya pili. Tunatarajia gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo. Wa kwako yumo humo, kwa hiyo mtoto mwenye njaa ya kudumu mimi simwoni kwenye takwimu hizi. Nepi ndizo nitakazouliza: analowesha ngapi kwa siku? Zikiwa sita au zaidi, na mkojo ni mweupe, maji na maziwa vinamtosha.

Ama kilio cha jioni, hicho ni jambo la peke yake. Watoto wengi hulia zaidi jioni, kilio hufikia kilele karibu na wiki ya sita, na hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Kiko kwa wanaonyonya ziwa na kwa wanaotumia chupa vilevile. Kukitibu kwa kuongeza maziwa ni kumjaza mtoto asiye na njaa.

#5 Mwalimu wa Hesabu, Njombe

Kabla ubishi haujanoga, naomba wadau tuangalie namba. Mleta uzi anatoa 90 mara nane, ambayo ni 720. Kopo linasema 120 mara sita, ambayo nayo ni 720. Bibi, jirani na kopo wanabishania mgawanyo tu. Jumla ni ile ile. Kwa kilo 4.3 hiyo ni kama mililita 167 kwa kilo, ndani kabisa ya mipaka ya bandiko namba 4. BabaPacha hakukosea kuzidisha, ila aliichukua sakafu akaifanya dari.

Swali langu kwa mleta uzi ni moja: unachanganyaje? Mililita 90 za maziwa na mililita 90 za maji ni vitu viwili.

#6 MamaMdogo wa Uyole

Nashukuru sana. Sikuwahi kuona kwamba jumla ni moja! Nimemsomea mama, amekaa kimya.

Nepi analowesha saba au nane. Choo ni kigumu kidogo, anajikamua hadi anakuwa mwekundu. Kuhusu kuchanganya, ninaweka vijiko vitatu vya kopo ndani ya chupa, nikivisawazisha kwa mgongo wa kisu, kisha ninamimina maji ya moto hadi yafike kwenye mstari wa 90 na kutikisa.

#7 Duka la Dawa, Mwanjelwa

Mleta uzi, hapo ndipo penye kasoro, na si wewe peke yako. Dukani kwangu ninaielezea kila wiki. Maji hutangulia, unga hufuata. Maelekezo ya kopo yanaposema mililita 30 za maji kwa kijiko kimoja, yana maana ya maji yaliyopimwa yakiwa peke yake. Ukitanguliza unga, wenyewe unachukua nafasi, na maji unayoongeza hadi mstari wa 90 yanakuwa kama 80 tu. Maziwa yanakuwa mazito kuliko yalivyokusudiwa. Mtoto hupata chumvi na protini nyingi kwa maji machache, figo zake changa hufanya kazi ya ziada, choo hukauka, na anaweza kulia kwa kiu huku sisi tukidhani ni njaa. Akipewa tena maziwa yale yale mazito, kiu inaongezeka.

Weka maji hadi 90, ndipo utie vijiko vitatu. Utaona maziwa yanapanda hadi karibu 100, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Jambo la pili: mistari ya chupa za bei nafuu haiaminiki. Njoo na chupa yako au nunua sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano, upime maji ukamimine ndani ya chupa uone kama mstari unasema kweli. Nimewahi kupima chupa ambayo mstari wake wa 60 ulikuwa na mililita 70.

#8 Mwalimu wa Hesabu, Njombe

Basi ninasahihisha bandiko langu mwenyewe. Kama anatumia vijiko 24 kwa siku kwa njia ile, chakula alichompa mtoto ni sawa na kiasi cha karibu mililita 790 za maziwa yaliyochanganywa vizuri, yaani zaidi ya 180 kwa kilo, ila kimebanwa ndani ya 720. Kwa hiyo jirani alikuwa karibu na ukweli upande wa chakula, na bibi alikuwa karibu na ukweli upande wa kiowevu. Yawezekana mtoto alikuwa ameshiba na ana kiu kwa wakati mmoja.

#9 Mama Tunduma

Ninyi mnazungumzia mazito. Mimi nilifanya kinyume, na ninaandika ili asipatikane mwingine.

Mwaka 2016 nilijifungua kwa upasuaji, nikapata jipu kwenye ziwa, nikaugua sana. Mtoto akaanzishiwa kopo. Mume wangu alikuwa safarini na fedha ilikuwa ya kuokoteza. Kila nilipoona kopo linakaribia kuisha nilipunguza kijiko kimoja, hadi nikawa ninaweka viwili kwenye maji ya 120 badala ya vinne. Chupa ilikuwa imejaa, mtoto anaimaliza, mimi ninajiambia ameshiba. Alikuwa analala sana, na watu walimsifu kwa utulivu. Kliniki wakanionyesha kadi: mstari wake umelala. Wiki iliyofuata akapata degedege, tukalazwa. Daktari aliniambia chumvi ya damu imeshuka kwa sababu ya maji mengi. Alipona, yuko shule sasa, lakini ninakumbuka kila siku kwamba nilihesabu mililita na sikuhesabu vijiko.

Kwa hiyo anayeuliza kiasi gani, aulizwe pia kopo lake linakaa siku ngapi.

#10 Mwalimu wa Hesabu, Njombe

Pole sana dada, na asante kwa kulisema. Hoja yako ya mwisho inapimika. Kijiko cha makopo mengi ya hapa ni gramu kama 4.4. Vijiko 24 ni kama gramu 106 kwa siku, na kopo la gramu 400 linaisha kabla ya siku ya nne kutimia. Kwa mwezi ni makopo manane hivi. Mtoto wa kilo nne na nusu ambaye kopo lake dogo linakaa wiki nzima hali cha kutosha, hata chupa ikijazwa vipi.

#11 Mzee wa Kalenga

Makopo manane kwa mwezi ni mzigo ambao nyumba nyingi za vijijini haziwezi kuubeba. Sisi tulikua kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kuongezwa maji na sukari kidogo, na hospitali zenyewe ndizo zilizowafundisha mama zetu. Leo yamekuwa sumu? Huku tuna ng'ombe, na maziwa yanauzwa kila asubuhi. Naomba mkunga ajibu, kwa maana hakuna aliyetuambia lini na kwa nini yalibadilishwa.

#12 Mkunga Mstaafu, Iringa

Shikamoo mzee. Unasema kweli, nami nilifundisha hivyo hivyo: mililita 100 za maziwa ya ng'ombe, 50 za maji na gramu 10 za sukari, pamoja na nyongeza ya vitamini na madini. Tuliacha kwa sababu hata yakipunguzwa kwa maji, mafuta yake hayafanani na yanayohitajiwa na mtoto, madini ya chuma ni haba, na nyongeza ile ya vitamini ilikuwa haipatikani, kwa hiyo mtoto alibaki na maziwa, maji na sukari peke yake. Yasiyopunguzwa ni mabaya zaidi: protini na chumvi ni nyingi mno kwa figo zake, na yanaweza kukwangua utumbo ukavuja damu kidogo kidogo bila kuonekana. Sasa tunasema maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla ya mwaka mmoja. Sikusema ni sumu, mzee wangu. Waliokua kwayo tunawaona. Waliopungukiwa damu na waliokufa hatukuwaandika.

Uji mwepesi wa ulezi nao usimwendee mtoto wa wiki saba, hata kama analia. Miezi sita kwanza.

#13 Mdau wa Makete

Hakuna aliyetaja baridi. Huku kwetu mwezi huu asubuhi kuna jalidi kwenye nyasi. Mtoto anayeishi Makete au Uyole mwezi Julai anachoma nguvu nyingi kwa kujipasha joto kuliko mtoto wa Dar es Salaam, kwa hiyo jedwali la kopo, ambalo halijui yuko wapi, haliwezi kumtosha. Mimi wangu alikuwa anaongeza karibu mililita 20 kila mlo kipindi cha baridi. Pia maji ya huku kwenye milima hayachemki sawasawa. Ni lazima yachemshwe nusu saa ndipo yafae.

#14 Mkunga Mstaafu, Iringa

Mtoto aliyepoa kweli hutumia nguvu nyingi, ila dawa yake ni kumfunika kofia na soksi na kumlaza kifuani ngozi kwa ngozi. Aliyevishwa vizuri ndani ya nyumba yenye joto hana sababu ya kuhitaji 20 zaidi. Anayehisi baridi hupewa joto.

#15 Mdau wa Makete

Ninakuheshimu mama, lakini niliyoyaona niliyaona. Alipovishwa vizuri bado aliongeza.

#16 Mwalimu wa Hesabu, Njombe

Hilo la maji naliweza. Kila unapopanda kama mita 300, kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka kwa nyuzijoto moja hivi. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, yanachemka karibu na 94. Njombe, karibu mita 2,000, kwenye 93. Vijidudu hufa chini ya hapo. Ushauri unaotolewa ni kuyaacha yatokote dakika moja, na kwa walio juu ya mita 2,000 dakika tatu. Nusu saa ni kupoteza mkaa.

#17 Binti Tukuyu

Mwalimu leo ametuletea ubao, chaki na ramani ya milima! Ninakushukuru, lakini mimi nina swali kwa duka la dawa. Mleta uzi amesema anatumia maji ya moto. Kopo langu lilisema maji yachemshwe kisha yaachwe yapoe yawe vuguvugu ndipo unga utiwe, kwa sababu kuna bakteria wazuri ndani yake wanaokufa kwa moto. Je, tumfuate nani?

#18 Duka la Dawa, Mwanjelwa

Ni swali zuri, na majibu mawili yapo kweli. Unga wa maziwa hauuawi vijidudu vyote kiwandani. Unaweza kuwa na salmonela au kijidudu kiitwacho Cronobacter, ambacho ni nadra lakini huwapiga vibaya watoto wa chini ya miezi miwili na njiti. Kwa ajili hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 unataka maji yasiyopungua nyuzijoto 70 yanapokutana na unga, kisha chupa ipozwe ndani ya bakuli la maji baridi hadi maziwa yakidondoshwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono yasichome. Kwa kawaida maji yaliyochemka yakikaa si zaidi ya nusu saa bado yamo humo, lakini sufuria ndogo kwenye baridi ya Uyole itapoa mapema zaidi. Walio na chupa ya chai nzuri wahifadhi humo maji yaliyotoka kutokota, na usiku kazi inakuwa nyepesi. Watengenezaji wengi nao huandika vuguvugu, kwa kuhofia kuungua na kwa ajili ya bakteria hao wazuri. Kwa mtoto wa wiki saba mimi ninachagua 70; nimekutana na daktari aliyechagua vuguvugu.

Yaliyobaki kwenye chupa baada ya mtoto kunywa hayawekwi kwa ajili ya baadaye. Na yaliyochanganywa yakakaa nje yatumike ndani ya saa mbili. Hili linagusa kiasi moja kwa moja, kwa sababu anayeogopa kumwaga humlazimisha mtoto amalize.

#19 BabaPacha Mafinga

Hapo umegusa nilipoumia. Nakubali masahihisho ya bandiko namba 5, na sasa nitoe ya kwangu.

Pacha wangu walizaliwa wakipishana gramu 200 tu. Kopo moja, chupa za aina moja, mikono ile ile. Kurwa alikuwa anamaliza 90 kwa dakika kumi na kulia, Doto anachukua 70 kwa nusu saa na kulala. Kwa wiki tatu tulimlazimisha Doto amalize, akawa anatapika kila jioni. Muuguzi mmoja ndiye aliyetuketisha akatuonyesha: mtoto akigeuza kichwa, akifunga midomo, akiachia vidole vya mikono vilivyokuwa vimekunjwa, amemaliza, hata kama zimebaki mililita 30. Na yule wa kwanza chuchu yake ilikuwa na tundu kubwa. Tulilipanua wenyewe kwa sindano ya moto kwa kudhani tunamsaidia. Maziwa yalikuwa yanamwagika kooni haraka kuliko tumbo linavyoweza kumwambia ameshiba, na anameza hewa. Tulipobadilisha chuchu, tukamketisha wima na kushika chupa iwe imelala, tukimpumzisha na kumbeulisha katikati, 90 zile zile zikamtosha.

Mleta uzi, geuza chupa yako kichwa chini. Maziwa yanadondoka tone kwa tone au yanatiririka?

#20 Mama Mbozi

Ninyi nyote mnapima na kuhesabu, na mimi sikatai. Lakini mtoto anayelia jioni na kukunja miguu kwetu anaitwa mwenye mchango. Mama zetu walimkanda tumbo kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, mkono ukizunguka kufuata upande wa kulia kwenda kushoto, na miguu ikikunjwa na kunyooshwa. Sizungumzii dawa za kunywesha. Kukanda peke yake kulimtuliza wangu kuliko chupa yoyote. Na wale watakaomwambia kwamba mtoto amebemendwa, asiwasikilize, anaongezeka uzito.

#21 Mtumishi, Forest Mpya

Salaam. Mimi niko kwenye likizo ya uzazi, zimebaki siku 19 kati ya zile 84. Ninanyonyesha, na nikirudi kazini nitachanganya. Hesabu ya 150 inanitumikiaje wakati sijui amenyonya ngapi?

#22 Mkunga Mstaafu, Iringa

Haikutumikii, mwanangu. Hesabu hiyo ni ya asiyenyonya kabisa. Kwa wako, anza na kidogo kwa kila mlo utakaokosekana, 60 hadi 90, kwa kikombe kama anaweza, nawe uongozwe na dalili zake na kadi. Lakini kwanza jifunze kukamua sasa, kabla siku hizo 19 hazijaisha. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ziombe kwa maandishi. Kila chupa unayoongeza pasipo haja, ziwa hupunguza utengenezaji.

Wenye VVU wanaosoma kimya kimya: kama mnatumia dawa zenu vizuri, ushauri wa sasa ni kunyonyesha ziwa peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Zungumzeni na kliniki kabla ya kununua kopo.

#23 Shangazi wa Ilomba

Mleta uzi, umewahi kufikiri kumweka ziwani wewe mwenyewe? Bibi yangu alimnyonyesha mjukuu.

#24 MamaMdogo wa Uyole

Nilifikiri, shangazi. Kliniki walisema inawezekana, kwamba nipimwe kwanza na mtoto awekwe ziwani mara nyingi, na maziwa yanaweza kuja hata kwa aliyeacha zamani. Mwanangu ana miaka minne. Nilijaribu siku sita. Yalikuja matone, nami nililia zaidi ya mtoto, kisha nikaacha. Naomba tusirudi hapo.

Chupa nimeigeuza: inatiririka. Nimenunua chuchu mpya yenye tundu dogo na sirinji. Tangu leo maji yanatangulia.

#25 MamaMdogo wa Uyole

Wiki mbili zimepita, nilisema nitarudi. Leo kliniki ni kilo 4.7. Choo kimelainika tangu siku ya tatu. Nimempa uhuru: asubuhi anachukua hadi 120, mchana 90, jioni 60 na kuacha. Nikijumlisha siku tatu zilizopita nimepata 740, 690 na 780. Kilio cha jioni kipo, ila ni saa moja na nusu sasa badala ya tatu. Mama anamkanda tumbo kama Mama Mbozi alivyoeleza na kumvisha kofia mbili.

#26 Duka la Dawa, Mwanjelwa

Ni uchanganyaji. Siku tatu tu na choo kikalainika.

#27 BabaPacha Mafinga

Ni chuchu. Hewa imepungua.

#28 Mkunga Mstaafu, Iringa

Ametimiza wiki tisa. Kilio kingepungua hata mngekaa bila kufanya lolote, ingawa nimefurahi mno kwamba maji yanatangulia. Gramu 400 kwa siku 14 ni karibu 29 kwa siku. Mwendee mtoto, namba zifuate. Kwa jumla ya siku usivuke sana mililita 960 bila kuzungumza na kliniki. Hicho ndicho kiwango wanachokitumia hata madaktari wa watoto wa Marekani. Akikataa milo miwili mfululizo, akitapika kijani, nepi zikipungua, utosi ukibonyea au akipata homa, usiulize hapa. Nenda hospitali usiku huo huo.

#29 Mdau wa Makete

Na baridi imeanza kupungua. Naacha hapo.

#30 MamaMdogo wa Uyole

Ndaga fijo, nyote. Swali moja tena kabla sijalala. Kopo letu limekosekana dukani, nimeletewa la aina nyingine kutoka nje ya nchi, na kijiko chake kinaonekana kikubwa kuliko cha kwanza. Nimekilinganisha, ni karibu mara mbili. Nikitumia kijiko cha zamani kwenye unga mpya kuna ubaya?

#31 Duka la Dawa, Mwanjelwa

Usichanganye bado! Kuna makopo ambayo kijiko kimoja ni cha mililita 60 za maji. Kijiko hakihami kopo. Piga picha ya maelekezo yaliyoandikwa ubavuni, uiweke hapa sasa hivi. Ninasubiri.